Kufuata maji ya mvua, kutoka Cimpunda hadi ziwani

Anayefika Bukavu kwa meli kutoka Goma huuona mji wetu kwanza kutoka majini. Rasi tano zimeingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Miti imesimama kando ya maji na nyumba za zamani zina bustani. Ni mahali pazuri, na wageni hupenda kupiga picha hapo. Lakini wengi wetu, wamama wa chama hiki, hatuishi kwenye vidole. Tunaishi juu, kwenye mkono wenyewe: Kadutu, Bagira, Panzi, Cimpunda. Huko mabati yameshikana na mabati, njia ni ngazi zilizochongwa katika udongo, na ua wa mtu uko sawa na paa la jirani yake wa chini.

Wiki hii tunawaalika, wamama wapendwa, mtembee pamoja nasi kwenye mteremko huo. Jumamosi moja ya mwezi wa nne, baada ya mvua kubwa ya usiku, sisi wanne tulishuka kwa miguu kutoka juu hadi ziwani tukifuata maji. Tulikuwa na swali moja. Yale makorongo yanayokula parseli za watu, ambayo wengi tunayaita erozio, yanaanzia wapi?

Juu, mahali maji yanapozaliwa

Tulianza Cimpunda saa moja asubuhi. Udongo wa huku ni mwekundu na mzito, wa mfinyanzi. Ukilowa unashika kandambili mpaka inabaki nyuma, na ukikauka unapasuka kama mkate wa zamani. Juu kabisa hatukuona korongo lolote. Tuliona nyumba za mbao, nyumba chache za tofali, migomba miwili mitatu, na nyua zilizofagiwa vizuri sana. Mtu angesema hapa hakuna tatizo.

Yaya mmoja tuliyekuwa naye alituambia tuangalie chini ya paa. Kando ya kila nyumba kulikuwa na mstari wa vishimo vidogo mahali matone yanapoangukia kutoka kwenye bati. Kutoka kwenye mstari huo maji yalikuwa yamechora kijia chembamba, upana wa vidole viwili, kikavuka ua na kutoka kwa jirani. Ua uliofagiwa kila siku umekuwa mgumu kama saruji. Maji hayapati pa kuingia, yanateleza tu. Kijia cha nyumba ya kwanza kilikutana na cha nyumba ya pili, na viwili hivyo vikakutana na cha tatu penye njia ya miguu.

Tulikaa kwenye jiwe tukapiga hesabu. Hesabu hii kila mama anaweza kuifanya nyumbani kwake. Milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita 8 kwa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua kali ya saa moja ikileta milimita 30, paa hilo moja linatupa lita 1,440. Gawanya kwa bidoni ya lita 20: ni bidoni 72, kwa saa moja, kutoka nyumba moja. Nyumba kumi ni bidoni 720, uzito wa zaidi ya tani 14. Maji hayo yote yanashuka kwa kasi kwenye njia ambayo mtoto hupita akienda shule.

Wa kwetu mmoja alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Alisema: "Mabomba yakikauka, binti yangu anatoka saa kumi na moja alfajiri kutafuta bidoni mbili. Na usiku huu bidoni sabini zimepita mlangoni kwangu zikaenda kumvunjia mwenzangu nyumba."

Maneno hayo tuliyabeba njia nzima.

Katikati, mahali vijia vinakuwa korongo

Kushuka kidogo tu, ile njia ya miguu ilikuwa imekuwa mfereji. Kwanza kina chake kilikuwa cha kiganja, halafu cha goti. Penye kona, maji yalipogonga ukuta wa nyumba yakageuka, kina kilikuwa cha kiuno. Hatua hamsini mbele tulisimama kwenye ukingo wa shimo ambalo mtu mzima angezama ndani bila kuonekana kichwa.

Jikoni ya mama mmoja ilikuwa imebaki nusu. Mafiga yake matatu alikuwa ameyahamishia chumbani. Alitukaribisha, akatuonyesha kamba aliyoifunga kutoka mlangoni hadi kwenye mti ili watoto wasisogelee ukingo. Tulimwuliza kama majirani wa juu wanajua. Akajibu: "Wanajua. Wanasema maji ni ya Mungu. Ni kweli, mvua ni ya Mungu, lakini bati ni la nani?"

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa avenyu zetu unapoanzia. Wa chini anamlaumu wa juu, wa juu anasema naye anapokea ya mwingine aliye juu zaidi, na kila mmoja anachimba kijifereji cha kuyapeleka kwa jirani haraka. Kila mtu akiyaharakisha, yanafika chini yakiwa na nguvu za wote. Sheria ya maji ni hiyo: yakienda polepole yanaacha udongo, yakienda mbio yanauchukua.

Ndani ya korongo tuliona vitu viwili ambavyo tumeviona mahali pengi. Cha kwanza ni takataka. Watu wanatupa humo mifuko, chupa na nguo kuukuu wakidhani wanalijaza shimo. Takataka hazishikani na udongo. Mvua ikija inazichukua zote na kuziba mfereji wa chini, maji yanaruka nje na kufungua korongo jipya kando ya lile la zamani. Cha pili ni ukuta wa mifuko ya udongo ulioanguka. Ulikuwa umejengwa na watu wa avenyu kwa salongo, kazi nzuri ya siku nzima, mrefu kupita kichwa. Mvua mbili tu zikaulaza, kwa sababu ulisimama peke yake chini, ukipokea maji ya mteremko mzima.

Wenzetu wa miji mingine wanaumwa ugonjwa huu huu. Mwaka 2025, jarida la sayansi liitwalo Nature lilitoa utafiti juu ya makorongo ya mijini hapa nchini. Watafiti walihesabu makorongo zaidi ya 2,900 katika miji 26 ya Kongo, na waliona kwamba sehemu kubwa yanahusiana na barabara na mifereji inayokusanya maji kisha kuyamwaga mahali pasipo na kinga. Huko Kinshasa, Kikwit au Kananga ardhi ni ya mchanga, yetu ni mfinyanzi, lakini chanzo kinafanana. Maji mengi yamekusanywa, na hakuna aliyefikiri yataishia wapi.

Mahali ambapo mlima wenyewe unatembea

Upande wa Funu tulipunguza mwendo. Sehemu hii ya Kadutu inajulikana na watu wa sayansi kwa sababu mteremko wake wote unasogea, polepole, mwaka baada ya mwaka. Hakuna haja ya mashine kuliona jambo hilo. Kuta zina nyufa zilizofunguka kama mdomo. Milango imekatwa juu kwa randa kwa sababu haifungi tena. Miti imeinama, halafu imejikunja ili kurudi wima. Watu wanajenga kwa mbao kwa sababu ya uwezo, na pia kwa sababu mbao zinavumilia pale ambapo tofali linapasuka.

Hapa, wamama, tuwe waangalifu na shauri moja linalotolewa mara nyingi. Mnaambiwa: "Chimbeni shimo kubwa katika parseli, maji yaingie ndani ya ardhi." Kwenye shamba la mteremko mdogo, au kwenye uwanja tambarare, shauri hilo ni zuri. Kwenye mteremko mkali unaosogea ni hatari. Maji yanayoingia ndani yanaufanya udongo kuwa mzito na laini, na mlima unateleza upesi zaidi. Mahali pa namna hii maji ya paa yanapaswa kukusanywa ndani ya tanki au pipa, na yanayozidi yaongozwe polepole, juu ya mawe, hadi kwenye mfereji ulio imara. Kukata mguu wa mteremko ili kupata nafasi ya chumba kimoja zaidi ni hatari vilevile, kwa sababu unaondoa kile kilichokuwa kinaushikilia.

Na kuna dalili ambazo hakuna mama anayepaswa kuzidharau: ufa mpya katika ardhi juu ya nyumba, mlango ulioacha kufunga ndani ya siku chache, maji machafu yanayotoka ghafla mahali palipokuwa pakavu, sauti ya mizizi inayokatika. Ukiziona wakati wa mvua kubwa, usingoje asubuhi. Chukua watoto, mgonjwa na mzee, toka upande, usishuke kufuata mteremko. Sufuria na godoro vitafuata baadaye.

Kilichotokea Kalehe hatujakisahau. Jioni ya tarehe 4 mwezi wa tano mwaka 2023, siku ya soko, mito ilishuka kutoka milimani na kufagia Bushushu na Nyamukubi, kwenye ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakupatikana kamwe. Wengi wa waliokuwa sokoni walikuwa wamama kama sisi, na mihogo na samaki wao mbele yao. Mwaka 2020, mwezi wa nne, mto Mulongwe ulikuwa umefanya hivyo Uvira. Korongo la avenyu si kitu kikubwa kama hicho, lakini ni mtoto wa mama yule yule: mlima uliovuliwa majani, na maji yanayoshuka bila kizuizi.

Chini, mahali deni linapolipwa

Kutoka soko kuu la Kadutu tulishuka hadi Nyawera. Vijana walikuwa wanatoa udongo kwa pawa kutoka kwenye mifereji ya barabara, ile tunayoita kanivo, na kuulaza kandokando. Mvua ijayo itaurudisha humo humo. Wauzaji wa lengalenga na sombe walikuwa wameweka mbao juu ya potopoto ili wateja wapite. Kila mmoja wao alikuwa amepoteza saa mbili za biashara asubuhi ile.

Kisha tukafika ziwani. Penye mdomo wa mfereji maji yalikuwa mekundu kama chai yenye udongo, na doa hilo lilikuwa limeenda mbali ndani ya ziwa la buluu. Ule ni udongo wa mashamba na nyua za juu, ule ambao ungeotesha maharagi. Juu yake zilielea chupa za plastiki kwa mamia. Chupa hizo hazibaki hapo. Ziwa Kivu linatoka kwa mto Ruzizi, na taka zinafuata mto hadi bwawa la umeme la Ruzizi I, ambako huziba njia za maji ya mashine. Kwa hiyo chupa iliyotupwa korongoni Cimpunda inaweza kurudi nyumbani kwako ikiwa giza la usiku.

Hapo ziwani swali letu lilikuwa limepata jibu. Korongo halianzii pale linapoonekana. Linaanzia kwenye bati la nyumba ya juu kabisa, katika mstari ule wa vishimo. Anayetaka kuponya parseli iliyovunjika aanze juu yake, na awe na majirani zake mkononi. Peke yake hataweza.

Mteremko mmoja ulioanza kupona

Siku hiyo hiyo, tukipanda kurudi kwa njia nyingine, tulipita penye nyumba saba zilizofuatana kutoka juu hadi chini. Wamama wa nyumba hizo wako katika MUSO moja. Miaka mitatu iliyopita, walitueleza, korongo lilikuwa limefika kwenye choo cha nyumba ya nne. Waliacha kugombana, wakakubaliana mambo matatu: kuanza kwa nyumba ya juu hata kama anayeumia ni wa chini, kufanya kazi wakati wa kiangazi, na kutumia kile kilichopo.

Kwanza walishughulikia mapaa. Kila mwezi fedha za likilimba zilinunua bati la kukunja kuwa mfereji chini ya paa la nyumba moja, kuanzia juu. Nyumba iliyopata mfereji iliweka pipa la lita 200 lenye kifuniko, kwa sababu ya mbu na watoto wadogo. Pipa moja halitoshi kwa bidoni 72, hilo walilijua. Ndiyo maana waliweka bomba la kutolea yanayozidi, linaloangukia juu ya mawe, kamwe si juu ya udongo mtupu. Tone linaloanguka juu ya jiwe limekwisha kupoteza nguvu zake. Na maji ya pipa yanafua nguo na kuosha vyombo, bidoni ambazo mabinti hawaendi tena kuzitafuta.

Pili walitengeneza njia ya maji. Badala ya mfereji ulionyooka kushuka, walijenga ngazi za mawe, kila moja ikiwa na kijishimo cha mawe chini yake, maji yaanguke, yapumzike, yaendelee. Njia ya miguu waliitenga na njia ya maji.

Tatu waliingia korongoni wenyewe. Hawakujenga ukuta mmoja mkubwa. Walijenga vizuizi vidogo vingi, vya kimo cha goti, kuanzia juu kwenda chini, kwa mawe, miti na mifuko iliyojazwa udongo. Ukitazama kizuizi kwa mbele, katikati yake ni chini kuliko pembeni, kama sahani. Maji yanapita katikati na hayazunguki kula kingo. Pembeni kizuizi kimeingizwa ndani ya ukuta wa korongo, urefu wa mkono. Na nafasi kati ya kimoja na kingine inapimwa hivi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe sawa na mguu wa kile cha juu. Nyuma ya kila kizuizi udongo unaoshuka unakaa. Msimu wa kwanza umejaa kiganja, wa pili umejaa kabisa. Ndani ya udongo huo walipanda matete, na kwenye kingo mianzi. Tuliona mahali palipokuwa shimo la kina cha mtu. Leo pana majani, na mbuzi wa jirani anafungwa mbali ili asiyale.

Nne walifunika udongo. Kando ya nyua walipanda pasipalumu, majani mafupi yanayoshika ardhi kama mkeka. Sehemu ya katikati inafagiwa bado, kwa sababu mama anapenda ua safi na nyoka hatakiwi. Lakini kingo zote ni za kijani.

Koko mmoja, aliyeketi mlangoni akichambua maharagi, alitusikiliza akasema kwamba kazi hii si ngeni. Wazee wake kule Kabare walichimba mifereji ya kuzuia mmomonyoko wakati wa Wabelgiji. Ilikuwa kazi ya kulazimishwa, na watu waliichukia. Uhuru ulipokuja mwaka 1960 mingi iliachwa, ikajaa, ikasahauliwa. "Tulitupa kiboko, na jembe tukalitupa pamoja nacho," alisema. "Nyinyi mmeliokota jembe bila kiboko. Ni vizuri."

Chombo cha miti mitatu

Kwa wale wenye shamba kwenye mteremko, Kabare, Walungu, Idjwi au hata nyuma ya nyumba, kuna chombo kinachosaidia kupanda mistari ya majani iliyo sawa bila kulipa mpimaji. Chukua miti miwili ya mita mbili, ifunge pamoja juu, uitanue chini, kisha funga mti wa tatu mfupi katikati kwa kulala. Inaonekana kama herufi A. Ning'iniza juu kamba yenye jiwe, ishuke ikipita mti wa kulala.

Kabla ya kutumia, kipime chombo. Simamisha miguu yake mahali pawili, tia alama pale kamba inapogusa mti wa kulala. Geuza chombo, mguu wa kulia ukae ulipokuwa wa kushoto, tia alama tena. Katikati ya alama mbili ndipo mahali pa usawa. Sasa nenda shambani. Simika mguu mmoja, sogeza mwingine juu au chini mpaka kamba iguse katikati, piga kijiti hapo, zungusha, endelea. Vijiti vitakuonyesha mstari unaozunguka mlima bila kupanda wala kushuka.

Juu ya mstari huo panda matete, setaria au tripsacum, safu mbili, mashina yakiwa kiganja kimoja kutoka jingine, na ya safu ya pili yakikaa penye nafasi za ya kwanza. Ili kujua mstari mwingine uwe wapi, simama kwenye mstari wa chini, tazama mbele moja kwa moja. Pale macho yako yanapogonga mlima, panda mstari wa pili. Majani hayo yatakatwa kila baada ya wiki kadhaa kwa ajili ya mbuzi, ng'ombe au sungura, kwa hiyo hayali nafasi bure. Na udongo unaoshuka utakaa nyuma yao, mwaka hata mwaka, mpaka shamba lianze kujifanya ngazi lenyewe.

Mikaratusi tuifikirie vizuri. Inakua haraka, inatoa mbao na kuni, lakini chini yake majani hayastawi, na ardhi tupu chini ya mti mrefu bado inaoshwa na mvua. Kwa ukingo wa korongo, majani na mianzi kwanza, miti mirefu baadaye na mbali kidogo.

Kabla ya mwezi wa tisa

Kiangazi chetu ni kifupi: mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Mvua ikirudi mwezi wa tisa, haimwulizi mtu kama amemaliza. Majani yaandaliwe sasa na yapandwe mvua za kwanza zinapoanza. Mawe, mifuko na mabati ni kazi ya udongo mkavu.

Tunapendekeza kila kikundi kifanye hivi. Juma la kwanza, mvua ya mwisho ikinyesha, wamama watatu wachukue mwavuli, watembee avenyu yao kutoka juu hadi chini wakati maji yanapita, na watie alama kila mahali vijia viwili vinapokutana. Picha ya maji haipatikani siku ya jua. Juma la pili, waite majirani wote wa mteremko huo, wa juu na wa chini, pamoja na mkubwa wa nyumba kumi, wakae kwenye ua wa yule wa juu kabisa. Wasimwite kumshitaki. Wamwombe awe wa kwanza kusaidiwa. Wengine wakinunua bati la mfereji wake, mlango wa maneno unafunguka.

Kuna mahali ambapo kazi hii haitoshi, na ni lazima tuseme. Nyumba iliyo kwenye ukingo unaoanguka, au juu ya ardhi inayotembea, haitaokolewa na matete. Hapo kikundi kina kazi nyingine: kumtafutia mwenzetu pa kulala usiku wa mvua, na kumsaidia kuhama kabla ya siku ya msiba. Likilimba inayoweza kununua bati inaweza pia kulipa mwezi wa kwanza wa kodi.

Na salongo ya Jumamosi tuigeuze kidogo. Tumezoea kuanzia chini, barabarani, mahali viongozi wanapita na wanaona. Mara ijayo tuanzie kwa nyumba ya mwisho juu, ile ambayo hakuna gari linaifikia. Tufike na pawa, mawe na pipa moja. Aliye juu akipumzisha maji yake, sisi wote wa chini tutalala.